Kimea Hakikuwa Changu

Kerubo, mwanangu,

Mwezi wa nane mwaka wa 1967 nilipoteza jina langu kanisani, nikapoteza rafiki niliyekuwa naye tangu niolewe, na kabla mwezi uliofuata haujaisha nikamzika mdogo wako Ogeto bila kwaya. Nimeviandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo vilivyotoka mkononi mwangu, kimoja kikivuta kingine. Cha tatu unakijua, ulikuwepo. Cha pili unadhani unakijua. Cha kwanza nimekuficha miaka tisa, na usiku huu nakitoa, kwa kuwa kesho unaondoka na umeniachia vitambaa mezani.

Mambo ya sanduku sitayagusa. Blanketi, sabuni, nauli ya kurudi likizo, shangazi zako wamekuimbia hayo mpaka masikio yako yameota sugu. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na kuitwa chuo cha uuguzi Nakuru hafundishwi na mama yake jinsi ya kufunga kamba ya sanduku.

Usishangae kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii, lugha yetu, yapo mambo ambayo mama hamwambii bintiye uso kwa uso, na hata yale yanayoruhusiwa hunitoka na machozi. Kiswahili nilijifunza sokoni, nikibishana na wanunuzi wa ndizi kutoka Kisumu. Ni lugha yangu ya hesabu. Nikiwa ndani yake silii upesi.

Jioni hii ulimaliza kula, ukanawa, ukaleta vile vitambaa vyeupe vilivyochemshwa na chumvi, ukavikunja vizuri na kuviweka karibu na taa. Ukasema, "Mama, mguu wa Bosibori lazima uoshwe kila siku. Mimi sitakuwepo. Na Sabato hii ni ya kuoshana miguu." Halafu ukaenda kulala. Hukungoja jibu. Uliniibia zamu yangu ya kusema, kwa hiyo nasema sasa, na wewe utasoma asubuhi.

Kwanza ujue kwamba hukunishtukiza. Shuka langu la zamani lilianza kupungua mwezi wa tano. Mimi ni mtu wa kujua idadi ya vitu vyangu, hata ndizi kwenye chane najua zilikuwa ngapi kabla ya kutoka jikoni. Nilipokuuliza ulisema unajifunza kufunga majeraha kabla ya kwenda chuoni. Nikakubali. Hata nilijisifu, nikasema moyoni, huyu ana akili ya mama yake, haingii mahali bila kujiandaa.

Halafu siku moja nimekaa pale sokoni Nyaramba na mikungu yangu, Moraa muuza maharagwe akaniita kwa sauti ile yake ya kusikika mpaka barabarani.

"Kwamboka, hongera. Nasikia nyumba yako imefungua hospitali."

Nikamuuliza hospitali gani.

"Muulize daktari wako. Anapita hapa na beseni, anaelekea kwa Bosibori. Mguu ule hata nzi wanaupita mbali, lakini mtoto wako hafungi pua. Wewe utakuwa umesamehe, eeh? Au hukuambiwa kwamba umesamehe?"

Wanawake walicheka. Nami nilicheka, maana sokoni ukikasirika unauza kwa hasara. Lakini mikungu mitano iliyobaki nilimwachia mchuuzi wa kwanza aliyesimama, sikubishana naye, na yeye mwenyewe alinitazama kama mtu anayeona mgonjwa. Njiani kurudi nilikuwa nasema peke yangu. Nilisema: wa kwanza kunisaliti alikuwa rafiki, nikavumilia. Huyu nimemzaa.

Nilinyamaza tangu siku ile nione ni lini utaniambia. Hukuniambia mpaka leo, ukiwa umeshafunga sanduku. Hilo ndilo lililonichoma zaidi kuliko mguu wenyewe. Lakini sitakulaumu sana, kwa kuwa najua ulijifunza kwa nani kuficha. Ngoja nifike hapo.

Mimi na Bosibori tuliolewa kwenye kilima hiki mwaka mmoja. Wewe ulipoanza kusema ulimwita makomoke, mama mdogo, kabla hujajua kumwita baba yako. Baba yako alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, anakuja mwisho wa mwezi, na siku nyingine mwisho wa mwezi unapita bila yeye. Kwa hiyo mtu wangu wa kila siku alikuwa Bosibori. Tulinunua mikungu shambani kwa watu, tunaivundika kwenye kibanda kile nyuma ya jiko, tunabeba pamoja hadi sokoni. Mimi nilikuwa hesabu, yeye alikuwa mdomo. Angeweza kumuuzia mtu ndizi mbichi na mtu akaondoka akishukuru.

Na kila robo, Sabato ya Meza ya Bwana ikifika, wanaume wakienda upande wao na sisi wanawake upande wetu, hatukutafutana. Mabeseni yakipangwa, mimi na yeye tulikuwa tumeshakaa. Huko unapaswa kuinama kwa unyenyekevu na kuomba, lakini Bosibori hakuweza kufunga mdomo. Alinishika kisigino akaniambia, "Kwamboka, nyufa hizi! Naosha mguu au napanda viazi?" Nikafinya midomo nisicheke mbele ya mke wa mchungaji. Halafu, akiwa bado ameushika mguu, akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa kama kuna neno lolote kati yetu. Nikasema hakuna. Akanikausha vidole, kimoja kimoja. Tangu wakati ule sijashikwa mguu na mtu, Kerubo. Na wewe utakuwa muuguzi, utashika miguu ya watu wengi, ujue unachoshika.

Mume wake alikufa mwanawe akiwa darasa la sita. Yule kijana alikuwa mwepesi wa masomo, na Bosibori alikuwa na shamba dogo lenye mawe. Akaanza kuotesha wimbi na kuuza kimea kwa wanawake wanaopika pombe. Unajua kanisa letu linaonaje pombe. Anayeipika, anayeinywa na anayewauzia wapikaji kimea, wote wamo kwenye sentensi moja. Nyumbani kwake hakuweza kukiweka, kwa sababu shemeji yake, Mzee Nyakundi, alikuwa mzee wa kanisa na uwanja wao ni mmoja. Basi akaja kwangu. Alisema, "Ndizi zako zikiiva zinanuka utamu. Kimea nacho kinanuka utamu. Nani atajua?"

Ningesema hapana. Badala yake nilipanga. Mimi ni mtu wa kupanga. Nilimwambia asiuze hapa karibu, apeleke Nyakoe ambako hakuna anayemjua. Nilimwambia magunia yasizidi mawili kwa wakati mmoja. Tukayalaza chini ya majani makavu ya migomba, juu yake tukapanga mikungu. Tulifanya hivyo mihula mitano ya shule, na sikuchukua hata kibaba. Hapo ndipo nilipojivunia, na hapo ndipo penye kosa langu la kwanza. Nilidhani kwa kuwa sikupata faida basi sikuwa ndani ya biashara. Mtu anayeficha kitu yumo. Ukikubali kuficha jambo la mtu, lihesabu kuwa ni lako, na ukiona hutaki liwe lako, likatae mlangoni.

Mwaka ule wa 1967 makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, yalikuwa kwetu. Wageni walikuwa wanatoka mpaka Suneka, na kila nyumba ilitoa chochote. Mimi nikasema mbele ya watu kwamba nitatoa mikungu minane iliyoiva. Nilitaka isikike, sitakudanganya. Mume wangu hayupo, nyumba yangu ni ya nyasi, lakini mikungu minane, wangapi walitoa minane? Siku ya maandalio wanawake wa Dorkasi, kundi la huduma la kanisa, wakaja kuichukua. Mimi nilikuwa nafua nguo za Sabato, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Nikawaambia kwa sauti, "Ingieni tu kibandani, chukueni mtakayoona imeiva vizuri."

Nilikumbuka neno likiwa limeshatoka. Nilikimbia na povu langu. Walikuwa wamezunguka gunia, na mmoja wao ameshika kimea kwenye kiganja, anakipuliza maganda.

Jumapili, makambi yalipokwisha, washiriki wakabakizwa. Sitakuandikia kila kilichosemwa. Mzee Nyakundi alinisimamisha mbele akauliza kimea ni cha nani. Bosibori alikuwa benchi la tatu, karibu na dirisha. Nilimtazama. Akatazama miguu yake.

Nikasema, "Kimekutwa kwangu."

"Hatukuuliza kimekutwa wapi. Ni cha nani?"

"Kimekutwa kwangu, Mzee."

Sikumtaja. Nilikuwa nampa nafasi asimame. Nilisema moyoni, akisimama sasa tutatengwa wote wawili na tutakwenda nyumbani pamoja tukicheka njiani, kisha tutaanza upya. Alijua hivyo. Nilijua kwamba anajua. Hakusimama.

Wakapiga kura kwa mikono. Ukiwa mbele unaiona yote, mwanangu, hakuna mkono unaojificha. Iliinuka ya watu niliowapa maziwa watoto wao walipokuwa wagonjwa. Na wa Bosibori ukainuka. Haukufika juu ya bega, ulifika hapa, penye kola ya gauni, kama mtu anayetaka kujikuna akasahau anapotaka kujikuna. Lakini uliinuka na karani akauhesabu. Siku hiyo ndiyo jina langu lilipigwa mstari.

Sasa nitakuambia jambo ambalo baba yako mwenyewe hajalisikia. Watu wanadhani nilinyamaza kwa upendo. Kwa miaka mingi nami nilidhani hivyo, na nilijiona mwema kwa sababu hiyo. Lakini nilinyamaza pia kwa sababu nilitaka kuwa juu yake. Nilitaka nimbebe ili kila akiniona akumbuke. Ningeweza kusema ukweli pale pale, kwamba kimea ni cha Bosibori na kibanda ni changu, tumekosa wawili. Ungekuwa ukweli mwepesi tu wa kusema. Mimi nikangojea mtu mwingine aniokoe kwa mdomo wake, halafu nikamchukia kwa kuwa hakuniokoa. Usimngojee mtu asimame kwa ajili yako wakati wewe mwenyewe umeshasimama na una mdomo.

Hilo halimsafishi. Mkono wake uliinuka.

Ogeto akapata surua. Unakumbuka macho yake. Alikuwa na miaka miwili na alikuwa amejua kusema jina lako tu, "Kebo." Alikufa alfajiri, baba yako akiwa bado njiani. Nilituma mtu kwa Mzee Nyakundi, naye akajibu kwamba kwaya haitakuja kwenye nyumba iliyotengwa, na kwamba ananiombea. Majirani walikuja, hata Wakatoliki wa ng'ambo ya mto, wakachimba. Tukasimama. Hakuna aliyejua nani aanzishe. Na wewe, mtoto wa miaka kumi, na gauni lako la kijani, ukaanza wimbo peke yako. Ukafika mwisho wa ubeti wa kwanza ukanyamaza, kwa kuwa wa pili ulikuwa huujui. Tukamfunika hivyo.

Ubeti wa pili uliujua nani? Bosibori. Ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kilima kizima.

Haya yote nimeyasema mara nyingi moyoni, na kila mara nilifika mwisho ule ule: hakuja. Hakuja kuomba, hakuja kuzika, hakuja miaka tisa. Mchungaji yule kijana alipokuja kunishawishi nibatizwe upya, nilimwambia nitakiri nini wakati kimea si changu? Akanisomea habari za kusamehe saba mara sabini. Nikamwambia, "Mchungaji, hiyo ni mia nne na tisini. Mimi sijaombwa hata mara moja. Aniletee ya kwanza kwanza." Akafunga kitabu akanywa chai. Nilijiona nimeshinda. Tangu hapo nakaa benchi la mwisho kila Sabato, na zile za kuoshana miguu nabaki nyumbani. Robo thelathini na sita nimebaki nyumbani. Nimejenga nyumba ya mabati kwa ndizi, nimekusomesha kwa ndizi, nimepanda chai mashina elfu moja mia mbili, na hakuna jambo hata moja nililofanya nikiwa sijui kwamba Bosibori analiona kutoka kwake. Kila bati lilipogongwa msumari nilisema, asikie.

Sasa sikiliza. Hesabu hiyo si ya kweli. Alikuja.

Alikuja siku ile ile tuliyomzika Ogeto, watu wakiwa wametawanyika na wewe umelala kwa shangazi yako. Alisimama nje ya ua na kikapu cha unga wa wimbi kichwani, kitambaa cheupe juu yake, kama anavyokuja mtu kwenye matanga. Hakuingia. Alisema, "Kwamboka, nimekuja." Basi, hayo tu. Labda yalikuwepo mengine nyuma yake. Sikuyangoja. Nilikuwa na udongo wa kaburi mikononi na nilimwambia arudi na unga wake. Nikaapa. Niliufumbata udongo ule, nikasema, "Nikionja chakula kilichopikwa kwenye moto wako, nimfuate huyu mtoto."

Akatua kikapu polepole, akakitazama, akakiinua tena, akaenda.

Kwetu sisi maneno ya namna hiyo hayasemwi na kusahaulika. Wewe umesoma, utasema ni hasira ya mama aliyefiwa. Bibi yako, mama wa baba yako, alisikia akiwa ndani ya nyumba, na mpaka anakufa alikuwa ananiambia kiapo cha juu ya kaburi hakifunguki bila kuchinja kondoo na wazee wa pande zote mbili kukaa pamoja. Kanisa linasema kondoo ni upagani, niombe tu. Mimi nikabaki katikati. Kondoo niliogopa kwa sababu ya kanisa, na sala niliogopa kwa sababu ya kiapo, na kwa kuwa nilijua nikipiga magoti nitaulizwa: alipokuja, ulimwambia nini? Basi siku ile niliitoa kwenye hesabu. Mimi, ambaye mchuuzi hawezi kunipunja ndizi moja, nilijipunja siku nzima na nikaishi juu ya uongo huo miaka tisa. Nikakulea juu yake. Nilikukataza kumwamkia. Ukiwa na miaka kumi na miwili ulimsalimu njiani ukamwita makomoke, nikakuchapa na mwiko, na hukujua unachapwa kwa sababu gani. Kosa hilo ni langu na halina mwenzi. La kimea tuligawana na yeye, la mwiko ni langu peke yangu.

Sijui kama unalikumbuka. Nadhani unalikumbuka, maana tangu siku ile ulianza kunifichia mambo madogo madogo. Ndiyo maana nilisema najua ulijifunza wapi.

Usidhani nimelainika. Bado nimeumia. Mwanawe alisoma kwa kimea kile, leo ni karani wa serikali mjini na ameoa, na mama yake ana kidonda cha jembe ambacho hakijapona tangu mvua za mwaka jana, na anayekiosha ni mtoto wa mwanamke aliyetengwa. Kuna saa nafurahia hilo. Nakuandikia nikiona haya, lakini kuna saa nafurahia. Nasema, Mungu naye anajua hesabu. Halafu nakumbuka kwamba anayeinama pale ni wewe, na magoti yako ndiyo yanayoingia udongo.

Ulikuwa unasema nini naye siku hizo zote? Hilo pia lilinikosesha usingizi. Nilidhani anakusimulia upande wake. Siku moja niliacha kuvuna chai nikaja mpaka kwenye migomba yake, nikasimama nyuma ya majani kama mwizi. Nilikuona umekaa kwenye kigoda, mguu wake uko kwenye mapaja yako. Ulikuwa unamuuliza kama panauma, naye anasema, "Hapo hapaumi, mwanangu. Osha tu." Halafu akaimba kidogo, kwa kukatakata pumzi, na wewe ukaitikia. Ilikuwa ubeti wa pili. Wa wimbo ule. Alikuwa anakufundisha ubeti wa pili.

Nilirudi kwenye chai yangu. Nilichuma mpaka jua likazama na sikumbuki nilichuma nini, kesho yake karani wa kituo cha chai akarudisha nusu, akisema nimechuma majani magumu kama mtu asiyejua kazi.

Wahubiri wanasema kusamehe ni kama kutua mzigo. Labda kwao. Kwangu mimi mzigo huu umekuwa mgongo. Sijui nitasimama vipi bila huo, na hakuna anayenifundisha hilo, wote wananifundisha kutua tu. Nakuambia hivi ili siku mgonjwa atakapokuambia hataki kuponywa haraka, usimwone mpumbavu. Kaa naye.

Tangu ulale nimekitazama kiapo changu neno kwa neno, kama ninavyoangalia risiti. Niliapa juu ya chakula. Niliapa juu ya moto wake. Sikuapa juu ya mguu. Sikuapa juu ya maji yaliyochemshwa kwenye moto wangu mwenyewe, yakabebwa kwenye beseni langu. Bibi yako angesema nacheza na kaburi. Inawezekana. Lakini kwenye kuoshana miguu hakuna karani, beseni halina kitabu, na mtu asiye na jina anaweza kuinama kama mwenye jina. Na nimesikia pia, kwa yule yule Moraa, kwamba robo iliyopita Bosibori alikaa na mguu wake uliofungwa na hakuna mwanamke aliyekuja kukaa mbele yake. Alivaa kiatu chake akatoka kabla ya mkate.

Siahidi kitu. Nataka jambo moja tu kutoka kwako kabla sijajua ninachofanya, na nalitaka bila siasa.

Vitambaa hivi ni nani aliyesema viletwe kwangu? Bosibori alitaja jina langu, kwa mdomo wake, akakuambia, "Mwambie mama yako"? Au ni wewe uliyepanga, kama mimi nilivyopanga magunia, ukiamini unatusaidia sote wawili? Kama ni yeye, basi hilo ni ombi la pili, na la kwanza nililifukuza kwenye ua. Sitalitoa kwenye hesabu safari hii. Kama ni wewe tu, basi nijue ni wewe, na kwamba yeye bado anatazama miguu yake. Hata hapo huenda nikaenda, huenda nisiende. Lakini usinipe jibu zuri ili uondoke na moyo mweupe. Nimewahi kudanganywa kwa kimya, nami nimejidanganya kwa kelele. Kutoka kwako nataka neno moja.

Gari la Kisii linapita njia panda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nitaamka saa kumi na moja nibandike maji, kwenye ile sufuria kubwa. Kwa chai ya watu wawili ndogo ingetosha, najua.

Njoo jikoni, usiniandikie. Unitazame usoni. Alikutuma au hakukutuma? Nijibu kabla ya saa kumi na mbili.

Mama yako,
Kwamboka